Picha Si Pambo: Hatima ya Mswada wa Kitabu cha Watoto

Imezagaa dhana miongoni mwa waandishi, wachapishaji na hata wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya kwamba mwandishi akishatia nukta ya mwisho katika mswada wa kitabu cha picha, kazi ya sanaa imekwisha. Yaliyosalia hudhaniwa kuwa shughuli za ofisi tu: mhariri asahihishe hijai, mchoraji atafutwe aijaze nafasi iliyobaki wazi, kisha kitabu kipelekwe kuidhinishwa. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanadai kuwa mswada wa kitabu cha picha, uwe umeandikwa kwa ufasaha wa namna gani, ni nusu ya kazi. Na kwamba hatua zinazoufuata ndizo zinazoamua iwapo mtoto atapewa fasihi au zoezi la ufahamu lililotiwa michoro.

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, soko la vitabu vya Kiswahili lilipanuka, na soko hilo lilikuwa shule. Mtaala wa umilisi ulioanzishwa mwaka 2017 umeuondoa mfumo huo katika shule za msingi, lakini mazoea yake hayakuondoka nao. Mswada ungali unapimwa kwanza kwa msamiati wa darasa, pili kwa funzo la maadili, tatu kwa maswali yanayoweza kutungwa mwishoni. Mchoraji huitwa baadaye, akapewa agizo badala ya hadithi. Matokeo yake yanajulikana: maneno yanasema sungura alikimbilia mtoni, na picha inaonyesha sungura akikimbilia mtoni. Mtoto ameambiwa jambo moja mara mbili, wala hakuachiwa lolote la kufikiri.

Linganisha hali hiyo na kitabu cha Mwingereza Pat Hutchins, Rosie's Walk, kilichotoka mwaka 1968. Kina maneno 32 tu, nayo yanasimulia matembezi ya kuku mmoja shambani. Mbweha anayemnyemelea kuku huyo kila ukurasa hatajwi hata mara moja. Mtoto anamwona, maneno hayamwoni. Kicheko na hofu ya hadithi nzima vimo katika pengo hilo. Mhariri wa vitabu vya kiada angeuliza mbweha ametajwa wapi, akamtaka mwandishi amtaje, na kitabu kingekufa papo hapo.

Je, mbinu hii ni ya kigeni? La hasha. Anayeifahamu ngano anajua kwamba fanani hasemi kila kitu. Akishapaukwa na kupakawa, sehemu kubwa ya hadithi huichukua mkononi, usoni na katika kimya chake. Fisi hutambulikana kwa jinsi fanani anavyochechemea kabla hajatajwa. Idara za fasihi zimefundisha kwa miaka mingi kwamba ngano bila utendaji ni mifupa mitupu. Ajabu ni kwamba ngano hiyo hiyo inapotiwa kitabuni, utendaji husahauliwa. Picha ndiyo mwili wa fanani juu ya karatasi, na kufungua ukurasa ndiko kunyamaza kwake kabla ya kulitoa jambo ambalo hadhira inalingojea.

Kutokana na hayo, hapana budi hatua za baada ya mswada zifuate mantiki ya utendaji. Hatua ya kwanza ni kupunguza. Kila sentensi iulizwe: je, jicho laweza kulisema hili? Likiweza, sentensi iondoke. Rangi ya kanga, urefu wa mnazi na machozi ya mtoto ni mali ya mchoraji.

Hatua ya pili ni kuugawa mswada katika kurasa. Kitabu cha picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu za kiufundi: karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mikunjo miwili hufanya kitabu. Ukitoa kurasa za jina na za hakimiliki, hubaki nafasi kumi na kitu za kurasa mbili zinazotazamana. Mwandishi akunje karatasi 8 katikati, azishone, aandike maneno mahali pake. Hapo ndipo atakapogundua kwamba jambo la kushtua limekaa ukurasa wa kulia, ambako mtoto ameshaliona kabla ya kusomewa.

Hatua ya tatu ni kuusoma mswada kwa sauti mbele ya watoto, na asiusome mwandishi. Mwandishi huyafidia kwa sauti yake makosa ya kalamu yake. Msomaji mwingine akijikwaa, kosa ni la sentensi.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo hupuuzwa zaidi, ni mapatano na mchoraji. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaichukulia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Maana yake ni kwamba mchoraji asiye na mkataba wa maana hulipwa mara moja, na kitabu kikichapwa mara kumi hana mrabaha. Anayelipwa kama mpaka rangi ataanzaje kufikiri kama mtunzi? Jina lake na liwe jaladani, na fungu lake liandikwe mkatabani.

Wachapishaji watajibu kwamba rangi ni ghali na kwamba mnunuzi mkubwa ni shule. Hoja hiyo ina uzito, lakini haithibitishi wanachotaka kukithibitisha. Moja Means One, kitabu cha Muriel Feelings cha mwaka 1971 kinachofundisha kuhesabu kwa Kiswahili, kina michoro ya Tom Feelings isiyotegemea rangi za kung'aa, bali weusi, weupe na kijivu. Huko Marekani kilitajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya tuzo ya Caldecott mwaka 1972, tuzo inayotolewa kwa ajili ya mchoraji. Hesabu ya Kiswahili ikamletea mchoraji heshima ng'ambo, ilhali Kiswahili kwao kinamwita mchoraji fundi. Kilichopungua hapa si wino.

Lawama haiwaishii wachapishaji. Wahakiki nao wana fungu lao, tena kubwa. Uhakiki wa fasihi ya watoto umezoea kuuliza dhamira ni ipi, wahusika ni wepi na mafunzo ni yapi, kana kwamba kitabu kilisomwa gizani. Mhakiki asiyeweza kusema lolote kuhusu picha hajakihakiki kitabu cha picha. Amehakiki mswada wake. Naye mwandishi anayesifiwa kwa mswada hana sababu ya kuuendeleza uwe kitabu.

Mtoto asiyejua kusoma bado ni msomaji. Huanza na picha, tena husoma kwa makini kuliko mtu mzima anayemshikia kitabu. Kumpa michoro isiyosema kitu ni kumfundisha mapema kwamba vitabu vya lugha yake havina la kutazamwa, na mtoto husadiki upesi anachofundishwa hivyo.