Alama ya Halali na Haki ya Mlaji

Alaye chakula kilichotengenezwa na mwingine humwekea mwingine huyo imani yake. Zamani imani hiyo ilikuwa rahisi kupimwa. Mnunuzi alimjua mchinjaji, akakijua kisu chake, na kama alikuwa na shaka alimwuliza. Leo peremende hutiwa jelatini, ambayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, wala jicho haliwezi kupambanua. Jibini huweza kugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na hakuna ajuaye kama ndama huyo alichinjwa au alikuwa kibudu. Alama ya halali ni jibu la swali ambalo mnunuzi hana tena mtu wa kumwuliza.

Katika kisiwa cha Sri Lanka jibu hilo liligeuzwa kuwa uhasama. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Wabudha ni asilimia 70 ya wakazi, na Waislamu hawafiki 10. Jumuiya ya maulamaa, All Ceylon Jamiyyathul Ulama, iliyoasisiwa mwaka 1924, ndiyo iliyokuwa ikikagua viwanda na kutoa vyeti. Februari 2013, Bodu Bala Sena, chama kilichoundwa mwaka 2012 na kuongozwa na watawa wa Kibudha, kilifanya mkutano mkubwa Maharagama, karibu na Colombo, kikadai alama hiyo iondolewe.

Yalisemwa mambo matatu. La kwanza, kwamba ada ya cheti huongezwa katika bei, na hivyo asiye Mwislamu hulipia dini isiyo yake. Lakini kiwanda hulipa ada kwa hiari, kwa kuwa hutafuta wanunuzi. Gharama ya tangazo na ya picha nzuri juu ya kopo nayo imo katika bei, wala hakuna aliyeiita dhuluma. La pili, kwamba alama humlazimisha asiyeamini. Katika nchi jirani ya India, sheria huwataka watengenezaji watie nukta ya kijani juu ya chakula kisicho na nyama. Mla nyama huiona nukta hiyo, akapita, na dini yake ikabaki palepale. Kumwarifu mtu si kumshurutisha.

La tatu lina chembe ya haki: haifai baraza la dini moja lishike mizani ya soko la wote pasipo kuulizwa hesabu. Maulamaa wangetangulia kuweka hesabu zao hadharani wangewanyima wachochezi nusu ya maneno yao. Hata hivyo, dawa ya mizani yenye shaka ni kuikagua, si kuivunja.

Iliyochaguliwa ni kuivunja. Machi 2013 maulamaa, mbele ya wakuu wa biashara, walikubali kwamba alama isitumiwe tena kwa bidhaa ziuzwazo nchini, ibaki kwa zile zipelekwazo ng'ambo. Hapo ndipo penye aibu ya mambo yote. Chakula kilekile, cha kiwanda kilekile, kilimwambia mgeni wa Ghuba kilicho ndani yake, kikamnyamazia raia aliyezaliwa mlangoni pa kiwanda. Ikiwa alama ile ilikuwa uovu, kwa nini iliuzwa nje? Na ikiwa ilikuwa faida, kwa nini mwenyeji alinyimwa? Fedha ya mgeni ilionekana kuwa na dini ya kuheshimiwa, ya mwananchi ikaonekana haina.

Waliokubali walitaraji kununua amani. Kabla ya mwezi huohuo kwisha, kundi la watu lilishambulia ghala la nguo la mfanyabiashara Mwislamu huko Pepiliyana; na nguo hazichinjwi wala haziliwi. Juni 2014 ghasia zililipuka Aluthgama, zikaua watu na kuteketeza nyumba na maduka. Kazi ya kutoa vyeti ilikwisha kuhamishwa kutoka kwa maulamaa na kupewa kampuni ya pekee, lakini hata hilo halikuzima moto. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Aliyeanza kwa kuichukia alama hakuwa akiichukia alama.

Wachache katika kila nchi wana funzo hapa, na walio wengi wana kubwa zaidi. Haki ya kujua unachokula si zawadi ya dini moja. Mbudha asiyekula ng'ombe anaihitaji, Mhindu anaihitaji, na mgonjwa aliyekatazwa sukari anaihitaji. Anayeifuta kwa jirani yake leo, kesho atasimama dukani na kopo mkononi, asipate wa kumjibu.