Kiwanja Chetu Si Kitupu

Wageni wawili walikuja kwenye miarobaini ya bloku yetu, hapa Kakuma. Wakapima kwa tepu, wakaandika, wakaondoka. Baadaye tukaambiwa pale patajengwa stoo na miti minne itakatwa, maana kwenye ramani yao pameandikwa "wazi".

Wazi? Kazi yangu ni kukaa na vijana, na sijui mahali palipojaa kuliko pale. Asubuhi kina mama wakitoka bombani wanatua jerikani zao wapumue. Saa nane mchana, bati likishapata moto mpaka ndani hakukaliki, watoto wanasomea pale. Jioni watu wanacheza drafti. Mtu akifa, turubai la matanga linafungwa palepale. Wazee wetu wa Fizi wamepafanya lubunga yao. Ukiwaambia waende ukumbini wanakucheka: kesi ya ndoa utaisikilizaje kwenye nyumba ambayo ufunguo anao mlinzi? Jirani zetu wa Sudan Kusini nao wanasikiliza kesi zao chini ya mti, na hilo hatukufundishana.

Najua mtakachosema. Rashoni imepungua, watu wana njaa, na huyu analilia miti! Hiyo rashoni nami naila. Lakini ng'ambo ya barabara kuna kiwanja cha mawe matupu, hakina hata kichaka. Tulipouliza kwa nini stoo isijengwe huko, tukajibiwa lori litalazimika kuzunguka. Si lizunguke?

Halafu kuna hii miradi ya afya ya akili. Ni mizuri, sikatai. Vijana wanaitwa ukumbini, wanasaini, wanapewa soda, wanaulizwa wanajisikiaje. Wanasema "poa". Kuna mmoja alisema poa miezi mingi. Siku aliponiambia habari za kaka yake aliyebaki Uvira, tulikuwa chini ya mwarobaini, anachonga kijiti, wala haniangalii. Ukumbini angeangalia wapi? Kwenye fomu yangu ya ripoti hakuna pa kuandika kwamba mti ulisaidia, kwa hiyo niliandika "kikao kimoja".

Na miti hiyo haikujiotea. Kambi ilianza 1992, na kwa ukame huu mche hausimami bila mtu wa kuumwagilia. Waliotutangulia waliimwagilia maji waliyokwisha kuogea. Wengine wao leo wako Marekani na Australia.

Kenya yenyewe inaijua vita hii. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alikataa, akatukanwa sana, na jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo watu wa Nairobi wanakwenda Karura kutembea na kupumzisha kichwa, na hakuna anayeuita kiwanja kitupu. Mtasema yeye alikuwa raia, alikuwa kwao. Kweli. Sisi hatuna karatasi ya kiwanja wala kura. Jua linalotupiga ni lilelile.

Wenye ramani, rudini. Msije asubuhi na gari la kiyoyozi. Njooni saa nane mchana, kwa miguu, na kalamu ileile, muandike majina ya mtakaowakuta pale. Benchi lipo chini ya mti wa pili kutoka bombani. Tutawasogezea nafasi.