Joto linapovunja mwiko wa klova

KWA zaidi ya nusu karne, wataalamu wa kilimo wamejua kwamba joto linaweza kugeuza uzazi wa klova, mmea wa malisho unaothaminiwa sana na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wakati huu ambapo dunia inazidi kupata joto, ujuzi huo una uzito mpya.

Kwa kawaida, klova nyekundu haijizalishi yenyewe. Ina jeni iitwayo S, yenye sura nyingi. Chavua ikitua kwenye ua lililo na sura ileile ya jeni hiyo, mrija wake hukwama kabla ya kufikia yai. Ni mwiko wa maumbile, mfano wa ule unaowakataza ndugu kuoana.

Lakini mwaka wa 1969, watafiti W. A. Kendall na N. L. Taylor wa Marekani walichapisha matokeo kwamba joto kali huulegeza mwiko huo. Mrija hupenya, na ua hutoa mbegu kwa chavua ya mmea wenyewe. Si mimea yote inayoitikia joto hivyo. Uchunguzi katika klova ya alsike ulionyesha kuwa tabia hiyo hurithiwa.

Kwa mzalishaji wa mbegu bora, hii ni neema. Huweza kupata ukoo wenye jeni zinazofanana, kisha akazikutanisha koo mbili ili kupata chotara wenye nguvu.

Hata hivyo, neema hiyo ina makali kuwili. Kila kizazi cha kujizalisha hupunguza kwa nusu tofauti za jeni ndani ya mmea, na klova ya aina hiyo hudhoofika. Kinachomfaa mtaalamu katika chumba cha utafiti huenda kikamtia hasara mkulima shambani.

Kenya haiwezi kulitazama jambo hili kwa mbali. Klova nyeupe ya Kenya ni mzaliwa wa nyanda zetu za juu, nayo pia hutegemea nyuki kuchanganya chavua ya mimea tofauti. Ni Australia iliyoigeuza kuwa mbegu ya kibiashara, ikaiita Safari.

Basi wanaochagua mbegu za malisho wasipime wingi wa majani pekee. Wapime pia jinsi mmea unavyozaa wakati wa joto, na wahifadhi klova za mwituni pamoja na nyuki wake. Akiba haiozi.