Tusiishie Kwenye Salamu



Katika parokia zetu tunawaona wanafunzi wa chuo kikuu wakibeba, pamoja na vitabu vya sheria au vya uhandisi, daftari lililojaa maandishi ya Kichina. Jambo hilo halitushangazi. Mwaka 2008 Serikali yetu ilifanya mkataba na makampuni ya China: barabara na majengo kwa upande mmoja, shaba na kobalti kwa upande mwingine. Leo lugha hiyo husikika mara kwa mara kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi. Tunawapongeza wanaojifunza. Lakini sisi tuliotumia miaka mingi kuwaandaa walimu tunaona hatari moja: wengi huanza, wachache huvuka hatua ya mwanzo.

Madhara yake tumeyashuhudia. Kijana mmoja tunayemfahamu, aliyekuwa amejifunza Kichina mwaka mmoja tu, aliitwa na wafanyakazi wenzake awe mkalimani mbele ya msimamizi. Walikuwa wakiulizia mshahara uliochelewa. Msimamizi akajibu kwamba hesabu zilipelekwa «shang ge yue». Kijana alijua kuwa «shang» ni juu na «xia» ni chini. Akadhani mwezi wa juu ni ule unaokuja. Kumbe Wachina, wanapotaja miezi na majuma, huita juu kile kilichopita na chini kile kijacho. Hesabu zilikuwa zimekwisha kupelekwa mwezi uliopita. Yeye akatangaza kwamba zingepelekwa mwezi ujao. Watu wakakasirika, wakaweka vifaa chini, wakapoteza malipo ya siku mbili. Hakuna aliyedanganya. Neno dogo lililojulikana nusu ndilo lililowaponza.

Kwa nini wengi huishia njiani? Katika mpangilio wa ngazi sita wa mtihani wa HSK, uliotumika tangu mwaka 2010, ngazi ya kwanza ilidai maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1.200. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa maradufu ya ile iliyotangulia. Anayejivunia salamu, hesabu na majina ya jamaa hujikuta ghafla mbele ya mlima, naye hurudi nyuma akisema kwamba amekwisha kujua ya kumtosha.

Tena ugumu haumo katika wingi wa maneno peke yake. Kitabu cha mwanzo humfundisha mwanafunzi kwamba fedha ya China ni «yuan». Sokoni watu husema «kuai». Kitabu humfundisha kuuliza «ni pesa ngapi?», mnunuzi wa mboga huuliza «zenme mai», yaani inauzwaje. Na muuzaji hujibu kwa kawaida bei ya «jin» moja, ambayo ni nusu kilo. Asiyejua hilo atachukua kilo nzima, atadaiwa mara mbili ya alivyotazamia, na atamwita mwenzake mwizi bila haki. Vivyo hivyo, jirani akikuuliza «chi le ma», umekwisha kula, hakualiki mezani. Anakusalimu, kama sisi tunavyouliza habari za nyumbani bila kutaka kuhesabiwa mambo yote ya nyumba.

Hata hivyo, hatuendi mikono mitupu. Wengi wetu tumenyonya Kiluba au Kilingala, na lugha hizo, tofauti na Kiswahili, hupambanua maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Kichina hufanya hivyo pia: «mai» yenye sauti inayoshuka kisha kupanda ni kununua, ikishuka kwa ghafla ni kuuza. Sikio la bibi zetu ni mwalimu mzuri hapo. Aidha, sisi tunaosema watu wawili, vitabu viwili, miti miwili, hatupaswi kuogopa desturi ya Wachina ya kuweka neno maalumu kati ya hesabu na kitu: «ben» kwa kitabu, «zhang» kwa karatasi, «tiao» kwa samaki na kwa njia. Kupanga vitu kwa aina zake ni jambo tulilozoea tangu utoto.

Kwa hiyo tunasema hivi. Chuo kikuu kisiishie kuwanakilisha wanafunzi maandishi ubaoni. Mwaka wa pili uwe mwaka wa kusikiliza na kuzungumza: kupatana bei, kueleza ugonjwa, kusoma mapatano ya kazi, kuomba kurudiliwa. Nanyi vijana, msikubali kuitwa wakalimani kabla ya wakati. Kusema «sikuelewa, tafadhali rudia» si aibu. Ni uaminifu kwa wale wanaowategemea.

Wengine watatuambia kwamba simu hutafsiri. Ni kweli, inasaidia. Lakini simu haitambui kwamba mzee aliyenyamaza amechukizwa, wala haijengi urafiki. Matteo Ricci, Mjezuiti kutoka Italia, alifika Macao mwaka 1582. Hakuridhika na Kichina cha kuombea maji na chakula. Alidumu kujifunza, na mwaka 1595 aliandika kwa Kichina kitabu kidogo kuhusu urafiki. Miaka kumi na mitatu ilipita kati ya kufika kwake na kitabu hicho.

Haba na haba hujaza kibaba. Anayejifunza maneno matatu kila siku atavuka elfu moja kabla ya mwaka kwisha, ikiwa tu hayaachi yale ya jana.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni lini tulijisifu kwamba tunajua jambo tulilolijua nusu? Nani aliumia?
2. Katika mtaa wetu, nani anahitaji mkalimani mwaminifu, na tunajiandaaje kumsaidia?