Wenye Vitalu vya Maua, Tuutazame Utumwa Ulio Milangoni Mwetu

Ndugu zangu wenye vitalu vya miche na maua, nanyi mnaotengeneza bustani za watu kwa makubaliano, leo naomba tusemezane jambo ambalo wengi wetu tunadhani halituhusu. Jambo hilo ni utumwa.

Tukilisikia neno hili, mawazo hukimbilia Bagamoyo, au soko la Mkunazini kule Unguja, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kubanwa na Waingereza hadi akatia saini mkataba. Twajua pia kwamba Tanganyika iliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Basi tunaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Shirika la Kazi Duniani na washirika wake walikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 50 walikuwa katika utumwa wa kisasa, na takriban milioni 28 kati yao walikuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu. Kilimo, ujenzi na kazi za nyumbani ni miongoni mwa shughuli zinazotajwa, na biashara yetu imo katika zote tatu: twaotesha miche, twapanga mawe, na twapeleka vijana kumwagilia katika nyua za matajiri.

Tazameni jinsi mambo yanavyoanza. Dalali anamtoa kijana kijijini, tuseme Singida, na tajiri wa kitalu cha Dar es Salaam analipa nauli ya basi. Kijana akifika anaambiwa anadaiwa: nauli, fedha ya dalali, na bei ya godoro. Kitambulisho chake cha taifa kinafungiwa kwenye droo ya tajiri, eti kisipotee. Analala bandani pamoja na magunia ya samadi. Alfajiri anashika mpira wa maji, mchana kutwa anajaza udongo kwenye viriba, na jioni anapakia ukoka kwenye kirikuu. Chungu kikivunjika, thamani yake inaongezwa kwenye deni. Mwisho wa mwezi anaambiwa fedha yake anatunziwa mpaka Desemba. Siku akisema anataka kurudi kwao anaulizwa, "Na deni langu atalipa nani?" Kitalu hakina hata geti, lakini kijana hana pa kwenda.

Sisemi kwamba kila mshahara mdogo ni utumwa. Biashara ni ngumu, na kuna miezi ya ukame ambayo hata mwenye kitalu halambi kitu. Mkataba wa Kazi za Kulazimishwa wa mwaka 1930 unaeleza tofauti hiyo vizuri: kazi ya kulazimishwa ni ile ambayo mtu anaifanya kwa kuogopa adhabu, na ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Katiba yetu, katika ibara ya 25, inaikataza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaifanya kuwa kosa. Kwa hiyo kila mmoja wetu ajiulize swali moja kuhusu kila anayemfanyia kazi: je, mtu huyu akitaka kuondoka kesho asubuhi, ataondoka na ujira wake wote na kitambulisho chake mkononi, bila vitisho? Kama jibu ni hapana, tusitafute jina jingine la kuliita jambo hilo.

Najua wapo watakaosema, "Mimi nimemsaidia. Kwao alikuwa hana kazi. Kwangu anakula na kulala." Wengine watakumbusha kwamba wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni kweli walisema hivyo. Lakini jembe lile lilikuwa la kumfanya mgeni awe mmoja wa wenyeji, naye alikuwa na ruhusa ya kuaga. Msaada unaomzuia mtu asiondoke umekwisha kuwa kifungo. Na dini zetu haziyumbi katika hili. Waislamu tumefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na Wakristo wanausoma Waraka wa Yakobo unaowakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao.

Sasa tutoke nje ya ua wetu. Kokoto tunazotandaza kwenye njia za bustani zilivunjwa na nani? Mara nyingi huvunjwa kwa nyundo, juani, na si ajabu kumkuta mtoto wa shule ameketi pembeni ya mama yake akigonga mawe. Samadi, mchanga, ukoka na vyungu navyo vina watu nyuma yake. Sheria hiyo ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kazi ya hatari inakatazwa kwa yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mwenye lori akikuletea mzigo kwa bei isiyoweza kulipa hata vibarua wa kupakia, jua kuna mtu aliyepakia bure. Sisi nasi tukimkandamiza bei kila mwezi, tunamsukuma amtafute mtu huyo.

Wengine watasema biashara zetu ni ndogo, hatuna mwanasheria. Udogo huo ni nguvu yetu. Mwenye lori tunamfahamu kwa jina, na machimbo anakochukua kokoto hayako mbali. Twende tukaone kwa macho. Tumwulize vibarua wake hulipwa lini na kwa mkono wa nani, kisha tumwambie wazi kuwa mzigo wenye jasho la mtoto au la mtu aliyezuiwa hatuupokei. Tukimkuta mtoto, tusimfukuze aende akaumie kwingine. Tupige simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, na tumweleze ofisa ustawi wa jamii.

Nyumbani mwetu wenyewe, kazi ianze kabla ya mwisho wa mwezi huu. Tufungue droo tumrudishie kila mtu kitambulisho chake. Tuzifute nauli tulizowaandikia vijana kama deni. Tumpe kila mmoja maelezo ya kazi kwa maandishi: saa zisizozidi 45 kwa wiki, siku ya mapumziko, na kiasi cha mshahara. Tusikate senti kwa chungu kilichovunjika bila makubaliano ya maandishi na bila kumsikiliza mhusika. Kisha tumlipe mkononi au kwenye simu yake mwenyewe, siku ile ile tuliyoahidi, na ukoka tulioagiza usishushwe mpaka mwenye lori ametujibu maswali yetu.