Gari Halioshwi kwa Nguvu, Jamani

Nilipotea kwa sababu ya TP, na TP ilipoisha nikaenda kumalizia likizo kwa mjomba, Kimara, na huko ndiko nilikoipata mada ya leo. Najua wengine mtacheka: mwanafunzi wa ualimu, hana hata baiskeli, anaandika kuhusu kuosha magari. Chekeni tu, lakini mkimaliza mnisikilize, maana somo hili nimelilipia laki tatu.

Mjomba alikuwa na Toyota IST nyeusi. Alipanga kuiuza, na akaniahidi kwamba ikipata bei anayoitaka atanitolea laki tatu ninunue laptop ya mtumba ya kuandikia utafiti wangu. Basi mimi nikajiongeza: ngoja niwe naiosha kila Jumamosi, mteja akija aikute inawaka. Nikachukua ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia na fulana yangu kuukuu. Kwanza nafuta vumbi kavukavu, halafu povu, halafu nasugua kwa duara kama nasugua sufuria iliyoungua wali. Fulana ikidondoka chini naikung'uta, naendelea. Jumamosi tatu mfululizo. Na kwa kweli pale kivulini gari lilikuwa linameremeta!

Mteja akaja saa sita mchana, jua la utosi. Akaomba gari litolewe nje, akainama pembeni ya boneti, akamwita mjomba aje aone. Aisee... boneti nzima imejaa mikwaruzo midogo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Akashusha laki nne palepale. Mjomba hakunigombeza hata. Alisema tu, "Mwalimu, gari yangu umeipiga msasa." Habari ya laptop ikaishia hapo, na haya nayaandika kwenye kompyuta ya kuazima.

Sasa msimamo wangu ni huu: tunaosha magari kama tunavyofua jinzi, na ndiyo maana tunayaharibu. Jinzi inataka nguvu. Gari linataka maji kwanza, mkono baadaye. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi ya gari. Juu ya rangi kuna tabaka linalong'aa ambalo mafundi wanaliita klia, na tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi, hujalitoa, umelisaga. Gari jeupe linakufichia siri. Jeusi linakuumbua jua likitoka.

Kwa hiyo anayeanza, kabla hajanunua kitu chochote cha kung'arisha, atafute ndoo mbili. Moja ya maji yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu. Kwanza mwagia gari zima maji, kuanzia juu ya paa, uchafu mwingi uteremke wenyewe bila kuguswa. Kisha chovya kitambaa kwenye shampuu, pitisha sehemu ndogo kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza, halafu kisuuze kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Ukimaliza chungulia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Utaona mchanga umetulia pale. Mchanga huo huo ndio niliokuwa naurudisha kwenye boneti ya mjomba.

Rimu na tairi ziwe za mwisho, na kitambaa chao kisiguse bodi kabisa, maana kule kuna unga wa breki. Kitambaa kikidondoka chini, kazi yake imeisha siku hiyo. Na sabuni ya unga iacheni. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo kama gari lilipakwa waksi, inaondoka nayo. Kama hela ya shampuu haipo (bumu tunalijua wote), heri maji matupu mengi na kitambaa laini kuliko povu la kufulia.

Halafu suala la maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na ukiosha juani yanakauka kabla hujafuta, yanaacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Osha asubuhi au jioni, kwenye kivuli cha nyumba (siyo cha mwembe, utomvu unadondoka), na ukaushe mara moja kwa taulo la maikrofaiba. Wanaodai bila mpira wa maji huwezi kuosha gari, nawauliza: mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgawo, tulifanyaje? Ndoo mbili za lita 20, na kidumu kimoja cha kumwagia mwanzo na mwisho, zinatosha IST na chenji inabaki.

Mshkaji wangu wa chumbani anasema haya yote ni kujitesa, peleka kwa vijana wa kuosha, dakika 20 umemaliza. Simkatalii moja kwa moja. Vijana wale wanachapa kazi. Ila mara nyingi analipwa kwa idadi ya magari, na kitambaa kilichotoka kwenye tairi za daladala ndicho kinachokuja kwenye boneti yako. Ukienda naye, nenda na vitambaa vyako. Halafu mkatalie kabisa kupiga maji ya presha kwenye injini. Kule kuna nyaya na vitambuzi, gari linaweza kugoma kuwaka, na utakayelia ni wewe.

Ndani sina maneno mengi. Toa mazulia, kung'uta, fagia au vuta vumbi, futa dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Yale mafuta ya kung'arisha msiyapake kwenye usukani wala pedali! Mguu ukiteleza kwenye breki hakuna anayeangalia dashibodi inavyong'aa. Viti vikilowa acha milango wazi vikauke, la sivyo harufu ya uvundo hiyo.

Kuhusu polishi, hapa najua tutabishana. Mwenye IST mmoja wa kitivoni anataka kununua mashine kwa sababu ameona video. Mimi nasema hapana, siyo kwa anayeanza. Waksi inakaa juu ya rangi na kuikinga, lakini polishi inakwangua ile klia mpaka mikwaruzo ipotee, na ukikosea pembeni mwa boneti unafika kwenye rangi yenyewe. Fundi alimwambia mjomba kwamba mikwaruzo yangu ilikuwa inatoka kwa polishi. Mteja naye alikuwa ameshaondoka na gari.

Juzi mjomba kanipigia. Kanunua nyingine, na safari hii tena nyeusi! Anataka Jumamosi niende nikaioshe, akae kwenye kiti uani aangalie. Shampuu atatoa yeye. Ndoo ya pili, kasema, nije nayo mwenyewe.