Usiuze nozeli ya turbo bila kipimo chake

Kwa mfanyabiashara wa spea anayevuka mpaka wa Kabanga na Kobero, nozeli za injini ni bidhaa inayotamanisha. Seti ya nne inaingia kwenye mfuko wa koti, haiozi njiani, na faida yake inaweza kushinda ya magunia kadhaa ya mchele. Ndiyo maana nozeli, au injekta kama wengi wanavyoziita, zinasafiri kutoka maduka ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, zinapita Kahama, Nyakanazi na Ngara, zinaingia Muyinga, kisha zinashuka kupitia Karuzi hadi Gitega.

Tatizo ni kwamba nyingi zinasafiri bila maelezo. Muuzaji anajua bei aliyonunulia na jina la gari. Mnunuzi anajua gari lake na ndoto yake. Kati yao hakuna mwenye namba. Hoja yangu leo ni fupi: nozeli isiyo na kipimo kilichoandikwa haifai kuuzwa kwa mtu anayejenga gari la turbo. Wafanyabiashara wa Muyinga na Gitega ndio wanaoweza kuanza kulirekebisha hilo, bila kusubiri mkutano wa mawaziri.

Tuanze na mteja mwenyewe. Tuseme ni kijana wa Gitega mwenye Subaru Impreza ya turbo, injini ya lita 2 yenye silinda nne. Ameongeza presha ya turbo, amebadilisha eksozi, na sasa anataka nguvu farasi 300. Anaingia dukani kwako anauliza, “Una nozeli kubwa?” Muuzaji wa haraka atampa kubwa kuliko zote alizonazo. Muuzaji mzuri atachukua kalamu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya petroli yenye turbo huhitaji takriban sentimita za ujazo 6.3 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu farasi moja. Kwa nguvu farasi 300, jumla ni kama 1,890 kwa dakika. Gawanya kwa silinda nne, unapata karibu 470 kwa kila nozeli. Lakini nozeli haipaswi kubaki wazi muda wote, kwani itapata joto na kushindwa kufunga kwa wakati. Mafundi huacha akiba, nozeli ifanye kazi kwa asilimia 80 tu ya muda wake. Gawanya 470 kwa 0.8, unapata karibu 590. Kwa hiyo mteja huyu anahitaji nozeli za 600 hivi. Za 1,000 hazihitaji.

Kwa nini asipewe za 1,000 tu, ili awe na ziada? Kwa sababu injini haikimbii kwa nguvu zote siku nzima. Kwenye foleni ya sokoni, gari likiwa limesimama, nozeli kubwa hutakiwa kufunguka kwa muda mfupi mno. Zile za kisasa zilizotengenezwa vizuri humudu. Za bei rahisi hazimudu: silensa inatetemeka, plagi zinalowa, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na matumizi ya mafuta yanapanda. Katika nchi ambayo miaka hii ya karibuni imepanga foleni ndefu kutafuta mafuta, kumuuzia mtu nozeli inayomwaga petroli ni kumuuzia umaskini.

Namba ya mtiririko nayo haitoshi peke yake. Nozeli hupimwa kwa presha fulani, mara nyingi ba 3. Ukipandisha presha hiyo hadi ba 4, nozeli ileile itatoa mafuta zaidi kwa karibu asilimia 15. Muuzaji anayesema “hii ni 600” bila kusema ni kwa presha gani amesema nusu ya habari.

Kuna pia ukinzani wa umeme. Nozeli nyingi za magari ya kawaida zina omu 12 hadi 16. Baadhi za magari ya mashindano ya zamani zina omu 2 hadi 4. Ukifunga za omu chache kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya omu nyingi, unaweza kuunguza kompyuta ya injini. Kipimo cha kugundua hilo ni mita ya umeme ambayo kila fundi redio anayo, na kazi yenyewe ni ya dakika moja. Kisha kuna umbo: baadhi ya Subaru za turbo hupokea petroli kwenye ubavu wa nozeli, nyingine kwa juu. Plagi za umeme nazo hutofautiana. Mtu aliyetoka Gitega hadi Dar es Salaam na kurudi na nozeli zisizoingia kwenye gari amepoteza nauli, siku na mteja.

Jambo zito kuliko yote ni ulinganifu wa seti. Chukua nozeli nne za mtumba, tatu zinatoa 600 na moja iliyoziba kidogo inatoa 530. Kompyuta ya injini haioni kila silinda peke yake, inasoma moshi wa silinda zikiwa zimechanganyika. Wastani unaonekana mzuri. Lakini silinda moja inapata hewa nyingi na mafuta kidogo, na presha ya turbo inapopanda, mchanganyiko huo unalipuka kabla ya wakati. Injini inagonga. Mara ya kwanza hakuna anayesikia. Baadaye pistoni inayeyuka, na mteja anarudi kwenye duka lako akiwa na mzee wa familia na maneno makali. Wewe utasema nozeli zilikuwa nzima, yeye atasema umemwibia. Hakuna mwenye karatasi, kwa hiyo hakuna wa kuamua.

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la gereji na kuwa la biashara. Katika soko ambalo mnunuzi hawezi kutofautisha nozeli iliyopimwa na ile iliyosafishwa kwa brashi na kutiwa kwenye boksi jipya, bei inakuwa moja. Aliyelipia kupima anapata hasara. Aliyenunua kopi yenye nembo ya kampuni ya Japani anapata faida. Baada ya muda, mwaminifu ama anafunga duka ama anaanza kufanya kama wenzake. Waswahili wana methali inayowahusu wafanyabiashara moja kwa moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huitumia kuzungumzia madeni. Ubora nao unahitaji daftari lake.

Wapo watakaosema kwamba magari ya turbo ya vijana ni machache, na msomaji wetu anaendesha lori la mizigo au Hiace ya abiria. Ni kweli, na hoja ni ileile. Injini za dizeli za kisasa zinazotumia reli moja ya mafuta hufanya kazi kwa presha inayozidi ba 1,500. Nozeli zake nyingi huchongwa au kuchapwa msimbo unaoeleza tabia ya nozeli hiyo hiyo moja, na fundi anatakiwa kuuingiza msimbo huo kwenye kompyuta ya gari. Nozeli ambayo msimbo wake umefutika, au umenakiliwa kwenye nozeli kumi tofauti, ni hasara inayosubiri siku yake. Mwenye lori linalobeba mzigo wa mkopo anaumia zaidi kuliko kijana mwenye Subaru, kwa sababu gari likisimama Nyakanazi, mzigo nao unasimama.

Mafuta yenyewe yana sehemu yao. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochakachuliwa. Hatua hizo ni nzuri, ila hazimfuati mtu anayenunua esansi au mazutu kwenye bidoni kando ya barabara wakati vituo vimekauka. Bidoni lina vumbi na maji, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli. Anayeuza nozeli Muyinga auze na filta mpya pamoja nazo, na amwambie mteja wazi kwamba nozeli mpya kwenye tangi chafu hazitadumu.

Vilevile, gari lililopangwa kompyuta yake Dar es Salaam, usawa wa bahari, halitatenda vilevile Gitega. Mji huo uko karibu mita 1,500 juu, na hewa yake ina mgandamizo mdogo kwa takriban asilimia 15. Turbo hufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Kwa hiyo nozeli kubwa bila fundi wa kupanga kompyuta hapohapo mjini, akiwa na kipimo cha hewa na mafuta kwenye eksozi, ni kazi iliyoachwa nusu. Kama mteja hana fundi huyo, ushauri wa haki ni kumwambia asafishe na kupima nozeli zake za asili kwanza na kuacha presha ya turbo ilivyokuwa kiwandani.

Nini kifanyike? Kwanza, kila seti iuzwe na karatasi moja: namba ya spea, mtiririko na presha iliyotumika kupimia, ukinzani, tofauti kati ya nozeli ya juu na ya chini katika seti, kama ni mpya au mtumba, tarehe, na jina la aliyepima. Iandikwe kwa Kiswahili, Kirundi au Kifaransa, bora isomeke.

Pili, wauza spea wa Muyinga na wenzao wa Gitega wachangiane kununua mashine. Ile ya kusafisha na kupima nozeli za petroli hupatikana kuanzia dola mia kadhaa. Ya dizeli ya kisasa ni ghali mno kwa duka moja, lakini si kwa kikundi. Muyinga inafaa kwa sababu ndio mji mkubwa wa kwanza baada ya Kobero, na mzigo unaweza kupimwa kabla haujasambaa. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, mzigo wa Kampala uliokuwa ukipitia Kigali ulilazimika kuzunguka Tanzania. Mpaka wa Kobero ukapata uzito mpya.

Tatu, Jumuiya ifanye sehemu yake. Wafanyabiashara wengi wanaamini utaratibu rahisi wa forodha, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, unafunika kila kitu. Haufuniki. Unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Nozeli ya Japani au China haihusiki, hata kama umeinunua Kariakoo, na unaweza kujikuta unadaiwa kodi Kobero kwa kitu kilichokwisha kulipiwa kodi Tanzania. Jambo hili ndilo linalosukuma nozeli mfukoni mwa koti, na nozeli iliyopita mfukoni haina risiti wala dhamana. Serikali zikitaka spea bora, ziondoe adhabu kwa anayezitangaza. Sheria ya viwango ya Jumuiya ipo tangu 2006. Mashirika ya viwango ya Burundi, Tanzania, Kenya na Uganda yanaweza kukubaliana fomu moja ya kipimo inayotambulika pande zote, na forodha ikaitumia pia kukadiria thamani halisi, badala ya kubishana juu ya bei ya kopi na ya asili.

Najua jibu la haraka: mteja wa Burundi anatafuta bei ndogo, karatasi itapandisha bei. Basi weka bei mbili mezani. Seti iliyopimwa, na seti isiyopimwa, kila moja na bei yake, na mteja achague akijua. Atakayenunua isiyopimwa hatakuja kukulaumu kwa kitu usichomwahidi. Na atakayelipa zaidi atakuwa na sababu ya kurudi kwako, kwa sababu kwa mara ya kwanza ameuziwa kitu kinachoweza kuthibitishwa.

Soko la pamoja lilianza kwenye makubaliano ya Arusha, lakini kwa mnunuzi wa Gitega lipo au halipo kulingana na kile anachopewa juu ya kaunta. Mpe nozeli pamoja na namba zake.